Nani Aliuhamisha Mkazo? Historia ya Maneno Marefu ya Kigiriki

Mhariri wetu aliponiandikia kuomba makala ya toleo hili la mkutano alitaka historia, "historia yoyote ile," maana alijua kwamba wengine watazijaza kurasa zilizobaki kwa habari za mpira na za uji wa bwenini. Basi nimechagua historia ya mkazo wa sauti. Najua wako watakaotaka kugeuza ukurasa hapa hapa. Nawaomba wasubiri kidogo, kwa kuwa jambo hili lilimgusa kila aliyepita katika madarasa yale, na wengine liliwagusa vibaya.

Chukueni neno moja tu, "democracy". Mwingereza huligawa de-moc-ra-cy na kukaza sauti kwenye MOC. Sisi kwa Kiswahili twasema de-mo-kra-SI-a. Anayesema Kiingereza hana budi kukaza pale wanapokaza wenyewe, la sivyo atasikilizwa bila kueleweka, na kwa hilo sina ubishi. Ubishi wangu ni juu ya ile imani iliyokuwa nyuma ya masahihisho: kwamba mahali pa Kiingereza ndipo mahali pa asili, pa watu waliosoma, na mahali petu ni ushamba. Historia inasema vingine. Wagiriki wa kale, ambao neno ni lao, waliipandisha sauti pale pale tunapoikaza sisi.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka usiku mmoja wa mdahalo ukumbini, tulipokuwa kidato cha pili. Mwenzetu mmoja, hodari wa kemia kuliko sote, alisimama kupinga hoja na katika sentensi yake ya kwanza akalitamka neno hilo kwa mkazo wa kwetu. Mwalimu aliyekuwa mwenyekiti alimsimamisha, akamtaka alirudie mara tatu, nne, ukumbi mzima ukicheka. Alipoketi hakuinuka tena. Miaka minne iliyobaki sikumsikia akisimama katika mdahalo hata mara moja. Simtaji yeye wala mwalimu. Nasema tu kwamba katika ukumbi ule hapakuwa na mtu aliyejua neno lile limetoka wapi na limepita wapi.

Tuanze basi huko lilikotoka. Kigiriki cha kale hakikuwa na mkazo kama tuujuavyo. Silabi moja katika neno ilipandishwa sauti, kama mtu anavyopanda noti katika wimbo. Dionysius wa Halicarnassus, aliyefundisha mjini Roma wakati wa Kaisari Augusto, aliandika kwamba kupanda huko hakukuzidi toni tatu na nusu. Silabi iliyopandishwa ilikuwa lazima iwe miongoni mwa tatu za mwisho. Alama zinazoandikwa juu ya irabu za Kigiriki kuonyesha mahali hapo husemwa kuwa zilianzishwa na Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria, yapata mwaka 200 kabla ya Kristo. Wakati huo Kigiriki kilikuwa kimeenea kwa watu ambao hawakukinyonya kwa mama zao, na wageni wale walihitaji kuonyeshwa njia. Kwa hiyo shida hii si yetu peke yetu. Hata alama zile zilizaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa lugha ya kigeni.

Sasa tazameni alama hizo zilivyokaa. De-mo-kra-TI-a. Phi-lo-so-PHI-a. Ge-o-gra-PHI-a. Hi-sto-RI-a. Mswahili akisema demokrasia, filosofia, jiografia na historia, sauti yake inakaa kwenye irabu ile ile. Hatukuirithi kutoka Athene, la hasha. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno haya ya Kigiriki yenye kuishia na -ia yalipandishwa hapo hapo. Ni kukutana njiani tu. Lakini ni kukutana ambako mwalimu mwenye habari angeweza kukutaja kabla ya kumrudisha mtoto mara nne.

Kama ndivyo, nani aliuhamisha mkazo? Wa kwanza walikuwa Warumi. Kilatini kilikuwa na kanuni yake, na Quintilian, mwalimu mkuu wa ufasaha mjini Roma karne ya kwanza, aliieleza waziwazi: ikiwa silabi ya pili kutoka mwisho ni ndefu, mkazo hukaa hapo, ikiwa ni fupi, mkazo hurudi nyuma hadi ya tatu. Neno la Kigiriki lilipoingia Roma lilivuliwa joho lake na kuvishwa la wenyeji. Katika "philosophia" ile phi ni fupi, basi Warumi wakasema phi-lo-SO-phi-a. Vivyo hivyo his-TO-ri-a, de-mo-CRA-ti-a. Hakuna aliyewaambia Warumi kuwa ni washamba. Walikuwa na majeshi.

Wa pili walikuwa Wafaransa. Kwao vikia vya maneno vilifupishwa na sauti ikaegemea mwisho: phi-lo-so-PHIE. Neno likavuka bahari kwenda Uingereza likiwa na sura hiyo; Chaucer alilitumia katika karne ya 14, na "democracy" likafuata katika karne ya 16. Waingereza hawapendi kukaza mwisho. Asili ya lugha yao ni ya Kijerumani, nayo hupenda kuanza na kishindo. Neno refu kwao hupigwa kama ngoma, pigo zito na pigo jepesi kwa zamu, kwa hiyo phi-lo-so-PHIE ilikuwa na pigo dogo hatua mbili nyuma, kwenye lo. Taratibu pigo lile la mwisho likafifia na lile dogo likakua. Hivyo ndivyo walivyofika phi-LOS-o-phy na de-MOC-ra-cy.

Hebu liwekeni neno hilo moja mbele yenu katika nguo zake nne. Mgiriki: phi-lo-so-PHI-a. Mrumi: phi-lo-SO-phi-a. Mfaransa: phi-lo-so-PHIE. Mwingereza: phi-LOS-o-phy. Mkazo umetembea kila mahali isipokuwa silabi ya kwanza, na kila taifa liliuweka palipolifaa ulimi wake. Katika "history" hata silabi ya kwanza haikusalimika.

Waingereza wenyewe waliwahi kuadhibiana kwa ajili ya matamshi ya Kigiriki. Mwaka 1528 Erasmus alichapisha kitabu akidai kwamba Wagiriki wa zama zake hawakutamka kama babu zao, na kwamba irabu kadhaa zilizoandikwa tofauti zilikuwa zimegeuka zote kuwa "i". Vijana wawili wa Cambridge, John Cheke na Thomas Smith, wakaanza kufundisha matamshi mapya kwa kufuata maandiko. Cheke mwaka 1540 akafanywa profesa wa Kigiriki kwa amri ya mfalme. Lakini mkuu wa chuo alikuwa Askofu Stephen Gardiner, mtu asiyependa mageuzi yanayoanzishwa na walio chini yake. Mwaka 1542 alitoa amri kupiga marufuku matamshi hayo, na adhabu zikapangwa kwa daraja: wakubwa kuondolewa katika baraza la chuo, wanaolipiwa masomo kunyang'anywa ufadhili, na vijana wa chini kuchapwa viboko. Viboko kwa ajili ya irabu! Cheke na Gardiner wakaandikiana barua ndefu kwa Kilatini, kila mmoja akijaa heshima na hasira. Hatimaye matamshi ya Cheke ndiyo yaliyoshinda katika shule za Uingereza, na aliyekuwa mkosaji akageuka kuwa kanuni. Nikilisoma tukio hilo huufikiria ukumbi wetu, kwa kuwa hapo pia swali lilikuwa ni nani mwenye madaraka ya kusema sauti ipi ni ya elimu.

Ugomvi wa Gardiner ulikuwa juu ya irabu, lakini zamu ya mkazo ilifika. Mwaka 1684 mtaalamu aitwaye Henninius alichapisha hoja kwamba alama za Kigiriki zipuuzwe na Kigiriki kikazwe kwa kanuni ya Kilatini. Hoja ilikuwa dhaifu, lakini Uingereza na Uholanzi waliipenda, na kwa zaidi ya miaka 200 vijana wa Kiingereza walisoma Homer kwa mkazo wa Kirumi, alama za Alexandria zikiwatazama bure kutoka kwenye ukurasa. Kisha akaja John Walker, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani London kabla hajawa mwalimu wa ufasaha. Kamusi yake ya matamshi ilitoka mwaka 1791, na mwaka 1798 akatoa mwongozo wa majina ya Kigiriki na Kilatini. Vitabu hivyo vilipigwa chapa tena na tena, na kanuni zake zikaingia mashuleni kama sheria za Musa.

Nitasema sasa jambo ambalo lingetusaidia sana mtihanini kama lingesemwa wakati ule. Wagiriki walipounganisha maneno mawili, aghalabu waliweka "o" katikati kama kamba ya kufungia. Dem-o-cracy, phil-o-sophy, ge-o-metry, bi-o-logy, therm-o-meter, phot-o-graphy. Tazameni mkazo wa Kiingereza unapoangukia: kwenye kamba yenyewe! De-MOC, phi-LOS, ge-OM, bi-OL, ther-MOM, pho-TOG. Ndiyo maana maneno haya yalitushinda. Sisi tulifundishwa kuyagawa kwa maana, "demo" watu na "cracy" utawala, "photo" nuru na "graphy" kuandika, kisha tukatakiwa kuyatamka kwa mgawanyo mwingine kabisa ambao unapasua mzizi katikati na kuifanya kamba iwe mfalme. Jicho liligawa hivi na ulimi ukatakiwa kugawa vile, na hakuna aliyetuambia kuwa ni hesabu mbili tofauti.

Na kamba haitulii. John Herschel alilipeleka neno "photography" mbele ya Royal Society ya London mwaka 1839, na kabla watu hawajalizoea lilikuwa tayari na mikazo mitatu katika ukoo mmoja. Picha ni PHO-to-graph. Kazi ni pho-TOG-ra-phy. Kitu cha kazi hiyo ni pho-to-GRAPH-ic. Kikia -ic huvuta mkazo mpaka mlangoni pake: de-mo-CRAT-ic, his-TOR-ic. Halafu, mtu akishaishika kanuni hiyo, anakutana na RHET-o-ric, POL-i-tics na a-RITH-me-tic ambayo haiitii, kwa sababu yaliingia zamani kupitia Ufaransa, kabla kanuni haijakomaa.

"Kilometre" ni kesi ambayo haijaamuliwa. Neno lilitungwa Ufaransa katika sheria ya vipimo ya mwaka 1795. Kwa mfano wa "centimetre" na "kilogram" mkazo ungekaa mwanzoni, KIL-o-metre. Lakini mamilioni ya Waingereza na Wamarekani, wakifuata "thermometer", husema ki-LOM-etre, na kamusi zimechoka kupigana nao, zinaandika yote mawili. Mtoto wa kwetu angeadhibiwa kwa lolote kati ya hayo, kutegemea mwalimu ni yupi.

Kwa upande mwingine ile kanuni ya kale ya Warumi ingali hai, na ushahidi wake umetoka katika ardhi yetu. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba mifupa mikubwa ajabu huko Tendaguru, Lindi, kwa nguvu za mamia ya vibarua waliyoibeba vichwani hadi pwani. Mnyama mkubwa kuliko wote katika mifupa ile, ambaye kiunzi chake kilisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937, alipewa jina Brachiosaurus, ingawa siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Jina la kwanza ni la Kigiriki, mkono na mjusi, lenye vazi la Kilatini. Hapo "sau" ni silabi ndefu, basi mkazo hauendi nyuma: brach-i-o-SAU-rus. Kinyume chake ni kiboko wetu, "hippopotamus", farasi wa mtoni. Silabi yake ya pili kutoka mwisho ni fupi, basi hip-po-POT-a-mus. Quintilian angefufuka leo asingebadili lolote katika hayo mawili.

Wengi wenu mnajua kwamba baada ya shule niliingia katika kazi ya uchapaji, nikawa msomaji wa prufu kwa miaka mingi. Huko nilikuta kwamba ugomvi wa jicho na ulimi una sura ya pili, yaani kukata neno mwisho wa mstari. Wapigachapa wa Uingereza kwa desturi walipendelea kukata kwa asili ya neno, "photo-graphy", "demo-cracy". Wamarekani hukata kwa sauti, "photog-raphy", "democ-racy", na hili ni tunda la Noah Webster, aliyetoa kitabu chake cha kufundishia tahajia mwaka 1783. Vitabu vya Kiingereza vilivyotumika kabla yake vilimfundisha mtoto kugawa ha-bit na clu-ster. Webster akasema kinywa hakisemi hivyo, kinasema hab-it na clus-ter, na mtoto agawe kama anavyosikia. Marekani ilikuwa ndiyo kwanza imejitoa katika ufalme, na Webster hakuficha kwamba alitaka watu wake wawe na lugha isiyosubiri ruhusa ya London. Mimi kwa hili nampigia kura Webster kwa msomaji mtoto, na Waingereza kwa msomaji mtu mzima. Mtu mzima akiona "photo-" mwisho wa mstari amekwisha kujua nusu ya maana. Akiona "photog-" amepata mdomo mtupu.

Neno lililotuletea taabu kiwandani ni "helikopta". Lilitungwa na Mfaransa Gustave de Ponton d'Amécourt mwaka 1861, kwa "heliko-", yaani msokoto, na "pteron", yaani bawa. Kiungo chake hasa kiko baada ya ko: heliko-pter. Lakini ulimi wa Mwingereza hauanzi silabi na "pt", ukalipasua hel-i-cop-ter, na baada ya hapo kila mtu akadhani vipande vyake ni "heli" na "copter". Ndivyo walivyopata "heliport", neno ambalo Mgiriki wa kale asingelitambua hata kwa kuapa. Sasa, Kiswahili hupenda silabi imalizike kwa irabu. Siku moja mpanga chapa alikata heliko-pta mwisho wa mstari, nami nikaliacha kwa furaha maana hata Aristophanes wa Byzantium angekubali. Mwingine akasema hakuna neno la Kiswahili linaloanza na pta, ikatwe helikop-ta. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mhariri akaja, akaisoma sentensi, akaamuru iandikwe "ndege".

Isidhaniwe kwamba ninadai Kiswahili kimehifadhi sauti za Kigiriki. Wagiriki waliijua pwani yetu tangu karne ya kwanza, na kitabu chao cha safari, Periplus, kinaitaja bandari ya Rhapta. Lakini maneno yao yaliyotuingia damuni yalipita kwa Waarabu, na mengi hatuyatambui tena: kalamu, karatasi, kanuni, almasi, falsafa. Katika hayo mkazo umehamishwa na sisi wenyewe. Wagiriki walisema KA-la-mos, sisi twasema ka-LA-mu. "Philosophia" iliyopita Baghdad imekuwa fal-SA-fa, na iliyopita London imerudi kuwa fi-lo-so-FI-a, neno moja katika nyumba moja kwa milango miwili. Wala si kweli kwamba Mswahili hajui mkazo unaohama. Mwambieni mgeni atofautishe ba-ra-BA-ra ya kupita magari na ba-RA-ba-ra ya kusifu kazi iliyofanywa sawasawa, mtaona jasho lake.

Kuhusu Ugiriki wenyewe, ile sauti ya kupanda kama wimbo ilipotea zamani, ikageuka kuwa kishindo kama cha lugha nyingine. Irabu nazo zilibadilika, kama Erasmus alivyodai. Lakini mahali pa mkazo hapakuhama. Mgiriki wa leo anasema dhi-mo-kra-TI-a, i-sto-RI-a, fi-lo-so-FI-a. Wenzetu waliokulia Tanga na Kilosa, ambao baba zao walikata mkonge katika mashamba ya Wagiriki kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, huenda waliyasikia maneno hayo barazani kwa mwenye shamba jioni, redio ikiwa wazi, yakitamkwa kama wanavyotamka wenyewe.